Methadoni akitokea Muheza kila siku, au apelekwe soba?

Dada wa Muheza: Habari zenu ndugu. Mdogo wangu wa kiume, fundi pikipiki hapa Muheza, ametumia heroini kwa miaka mingi na sasa anataka kuacha kwa ridhaa yake mwenyewe. Tumeelekezwa kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika Hospitali ya Bombo, Tanga, lakini dawa hunywewa palepale mbele ya mhudumu kila siku, nasi tuko karibu kilomita 40. Mjomba anashikilia kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, heri tuchange apelekwe soba, yaani nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha. Isitoshe, siku hizi halali, anajifungia ndani, na anadai watu wanamsema. Mji wetu ni mdogo kiasi kwamba kweli wanamsema, kwa hiyo sijui lipi ni ugonjwa na lipi ni majirani.

Muuguzi mstaafu: Pole, mwanangu. Tiba hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, na hoja ya mjomba tumeisikia tangu wakati huo. Heroini huisha nguvu baada ya saa chache, ndiyo maana mraibu hushikwa na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, mara kadhaa kwa siku na kutwa nzima akahangaikia kete ya heroini. Methadoni hudumu saa 24 au zaidi, na dozi ikishakaa sawa haimleweshi, bali humwezesha kushika spana. Dozi huanzia chini na kupandishwa polepole, kwa hiyo msiihukumu katika wiki za mwanzo, na akichanganya na unga (heroini), pombe au valiamu, anaweza kuacha kupumua. Kama anatumia dawa za kifua kikuu aseme mapema, kwa sababu rifampisini huiondoa methadoni mwilini haraka na arosto ikarudi. Habari ya kutolala na kujifungia mwelezeni daktari siku ileile ya kwanza. Msingoje aache unga kwanza, kwa kuwa sonona hutibiwa sambamba na uraibu.

Mnywa dozi: Dada, kunywa kwenyewe si kazi: unatajwa dirishani, unapewa kikombe, unakunywa, unaongezewa maji umalizie, kisha unasemeshwa ili ionekane hukuibakiza mdomoni. Kazi ni nauli. Wenzangu wengi waliokatisha tiba walishindwa na nauli, wala si hamu ya unga, na ukikosa siku kadhaa mfululizo hurudishiwi dozi yako kamili, unaanza kupandishwa upya. Ile fedha ya soba igeuzeni nauli. Baadaye akitulia, aulize kama kliniki inaruhusu kuchukua dozi za nyumbani.

Baba Salma: Soba imemfaa kijana wangu, siwezi kuibeza, hasa kwa kumtenga na kijiwe. Ila mumweleze jambo moja bila kumficha: aliyekaa miezi bila unga, akirudia kiasi alichokizoea, anaweza kufa siku hiyohiyo, maana mwili umekwisha kusahau kuustahimili.

Dada wa Muheza: Nawashukuru sana, shikamooni wakubwa. Nimemsomea mjomba majibu yote. Bado anaguna, lakini nauli ya mwezi wa kwanza ameitoa. Kijiwe chake cha ufundi tumekubaliana kifunguliwe adhuhuri, akisharudi kutoka Tanga.