Makadirio ya 1,752,300 wakati linalouma ni jino moja: hii karatasi inasomwaje?

Ndaga_Mwanjelwa
Wakuu, habari za leo. Naomba wanaojua mambo ya meno na bili zake wanisomee hii karatasi. Kliniki ni ya binafsi, hapa hapa Mbeya jijini, jina naliacha. Linaloniuma ni gego la chini kushoto nikinywa kitu cha baridi. Usiku nalala vizuri.

Kumuona daktari 15,000
Picha 4 @ 15,000 = 60,000
36 RCT 250,000
36 kofia, zirkonia 450,000
37, 46, 47 kuziba @ 70,000 = 210,000
38, 48 kung'oa kwa upasuaji @ 150,000 = 300,000
Kusafisha robo 4 @ 50,000 = 200,000
VAT 18% = 267,300

Chini wameandika "ofa 10% ukilipa nusu leo". Dada wa mapokezi ananipigia simu kila siku kwamba ofa inaisha Ijumaa, na nisipofanya vyote kwa mpigo uozo utaingia kwenye taya. Kumuona daktari na picha nimeshalipa taslimu, ingawa kadi ya bima ya afya, NHIF, waliipokea na kunipa fomu nisaini ikiwa tupu. Sijasaini. Kipi ni cha lazima hapo?

Tabibu_Gangilonga
Kamwene ndugu. Anza na zile namba. Tarakimu ya kwanza ni upande: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni jino la ngapi ukihesabu kutoka katikati. Kwa hiyo 36 ndilo gego linalokuuma, na maumivu yako yanahusu mistari miwili tu, RCT na kofia (kifuniko cha kuvika jino zima), yaani laki saba. Mingine yote ni mpango wa kinywa kizima. Inaweza kuwa ya kweli, ila haina haraka ya Ijumaa.

RCT, yaani matibabu ya mzizi, hufanywa pale kiini cha jino kimekufa au kimevimba kiasi cha kutopona tena. Hilo haliamuliwi kwa kuchungulia tundu. Daktari anagusisha pamba yenye ubaridi kwenye jino na kuangalia muda. Maumivu yakija na kukata mara tu pamba ikiondolewa, kiini bado kina uhai wa kutosha: mara nyingi unasafishwa uozo, kiini kinafunikwa dawa, jino linazibwa. Yakibaki nusu dakika na zaidi, au yakikuamsha usiku, hapo mzizi unahusika. Jino lisiposikia ubaridi kabisa, huenda kiini kimeshakufa, na hilo lisikupe matumaini. Kisha jino linagongwa taratibu na mpini wa kioo: likiuma kuliko majirani zake, uvimbe umefika kwenye ncha ya mzizi. (Maji ya bomba ya Mbeya mwezi wa saba yanatosha kwa kipimo cha kwanza nyumbani.) Uliza: "Kipimo cha baridi mlikifanya? Kilisema nini?" Kama hakikufanyika, RCT imeandikwa kwa kukisia.

Kwa 37, 46 na 47 omba uonyeshwe kwenye picha za eksirei. Uozo unaonekana kama kivuli cheusi. Kikiwa ndani ya enameli tu, lile tabaka gumu la nje, hakijavuka kuingia dentini iliyo chini yake, na juu hakuna tundu, hapachimbwi. Unapaka floraidi, unapiga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, picha inarudiwa baadaye. Doa la kahawia kwenye mifereji ya gego si tundu. Na kwa waliokulia Arusha au maeneo mengine ya kaskazini yenye floraidi nyingi majini, rangi hiyo imo kwenye jino lenyewe.

38 na 48 ni magego ya mwisho. Sababu za kuyang'oa zipo: fizi inayoyafunika kuvimba mara kwa mara, uozo usiozibika, uvimbe wenye maji kwenye taya, au kulala na kulitafuna 37 kwa nyuma. "Yatakusumbua baadaye" haimo. Uingereza mwongozo wa kutoyang'oa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa upo tangu 2000. Tena uliza neno "upasuaji" limetoka wapi. Jino lililoota wima na kuonekana lote hung'olewa kwa koleo kama mengine, na bei hiyo si ya upasuaji.

Kusafisha kwa robo ndiko kunakoliza wengi. Kutoa ugaga wa kawaida ni huduma moja ya kinywa kizima. Bei ya robo inahusu kusafisha kwa kina, chini ya fizi, tena kwa ganzi. Kabla ya hapo fizi hupimwa kwa kijiti chembamba chenye mistari ya milimita, sehemu sita kuzunguka kila jino, na msaidizi anaandika: mbili, tatu, mbili, tano... Hadi 3 ni sawa. 4 kwenda juu na damu inatoka, kuna kazi. Kama hukusikia mtu akitaja namba, hakuna kilichopimwa.

Risiti_Mkononi
Niingie upande wa hela.

VAT kwanza, maana hiyo ndiyo iliyonishtua. Kwa Sheria ya VAT ya 2014, huduma za tiba, ya meno ikiwemo, zikitolewa na kituo kilichoidhinishwa, zimesamehewa kodi hiyo. Mswaki wa umeme au dawa ya kusukutua wanayokuuzia pale kaunta ni bidhaa, habari nyingine. Waulize 267,300 inakwenda wapi, na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa 75,000 uliyotoa. Karatasi ya mkono yenye muhuri haitoshi.

Pili, kadi. Kama wamekupokea kwa kadi na bado ukatoa taslimu kwa huduma ile ile, wanaweza kulipwa mara mbili. Saini yako kwenye fomu tupu ndiyo inayokamilisha mchezo, umefanya vizuri kukataa. Fomu inasainiwa baada ya huduma kuandikwa, unaisoma mstari kwa mstari. Kipi kimo kwenye kifurushi chako kaulize ofisi ya NHIF ya mkoa, si mapokezi.

Tatu, usitoe nusu ya bili yote. Lipa kwa kazi: jino moja, hatua moja, risiti moja. Ofa ya 10% hapo ni 175,230, ilhali ukikuta magego ya mwisho hayana kosa umebakiza 300,000 kabla hata ya VAT yao.

Maabara_Makambako
Kuhusu kofia, jambo ambalo wagonjwa huwa hawaambiwi: omba kuishika kabla haijagundishwa. Igeuze uangalie ndani. Zirkonia ni nyeupe ndani na nje. Ukiona chuma cha kijivu ndani na kaure juu, hiyo ni kaure juu ya chuma. Ni kofia nzuri tu na inadumu, lakini ni bei nyingine. Ikishagundishwa, utakuja kugundua fizi ikirudi nyuma na mstari wa kijivu ukajitokeza. Makadirio yaandike aina ya kofia, na kama itatoka ikiwa na hitilafu nani anabeba gharama ya kurudia.

mdau_Uyole
Samahani, tusiwaonee madaktari. Kuandika kinywa kizima ndivyo wanavyofundishwa, na gego lililofanyiwa RCT kweli linahitaji kofia kwa sababu limebaki ganda, linapasuka kwa kutafuna. Watu wanafanya mzizi, wanaona maumivu yamekwisha, wanapotea na kizibio cha muda. Kile ni cha wiki chache tu, kikianza kuvuja vijidudu vinarudi na kazi inaanza upya. Usikae na nusu kazi kisa umesoma kwamba kofia ni biashara.

Tabibu_Gangilonga
@mdau_Uyole sawa kabisa kwa magego. Meno ya mbele yenye tundu dogo mara nyingi huzibwa tu. Kosa la hapa ni simu za kila siku na tarehe ya mwisho. Ugonjwa wa fizi haujui Ijumaa.

Ndaga_Mwanjelwa
Ndaga fijo wote. Sasa nikimtafuta daktari wa pili, picha watanipa? Na nikichelewa wiki mbili, jino si litaharibika?

Tabibu_Gangilonga
Picha umezilipia, omba nakala. Kama ni za kompyuta wakutumie kwa WhatsApp, wakisuasua piga picha kioo chenyewe, namba ya jino na tarehe vikionekana. Nenda nazo idara ya kinywa na meno, Hospitali ya Rufaa ya Kanda au ya Mkoa. Usiwaonyeshe makadirio kwanza. Sema linalouma, wapime, ndipo ulinganishe.

Uozo unakwenda kwa miezi, wiki mbili hazikuvunjii jino lenye dalili kama zako. Tafunia upande wa kulia. Usimeze antibayotiki za dukani, hazitibu tundu wala kiini. Kinachobadilisha hesabu ni maumivu kuanza kukuamsha usiku: hapo uende ndani ya siku chache. Shavu likivimba, homa ikipanda, mdomo ukakataa kufunguka au ukashindwa kumeza, unakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Risiti_Mkononi
Wakikunyima picha au risiti, andika barua fupi kwa mganga mkuu wa jiji, nakala kwa mratibu wa afya ya kinywa na meno wa mkoa, ambatisha hayo makadirio. Lalamiko la risiti ya EFD linapelekwa TRA, mamlaka ya mapato. Mwenendo wa daktari mwenyewe unapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linawasajili na wa meno pia. Na hiyo namba ya mapokezi, wajibu mara moja kwa meseji: "Nitawapigia nikiamua." Meseji inabaki na tarehe.