Ukoo wa Kihesa: gumzo la Julai 19

Kaka Dar: Kamwene wote! Leo mtoto wa dada anatimiza mwaka. Hongera sana dada 🎂🎂 Kuna ujumbe unazunguka huku, nawarushia: "JULAI 19 KATIKA HISTORIA. 64: Roma yaungua, Nero akitawala. 1814: azaliwa Samuel Colt, mtengeneza bastola. 1947: azaliwa Brian May, mpiga gitaa. 1980: Olimpiki ya Moscow yafunguliwa." Dogo kazaliwa siku nzito!

Dada Mafinga: Asante kaka. Huyo wa bastola mtoe. Brian May ndiye nani?

Binti Chuo: Gitaa la Queen, dada. Kundi la Freddie Mercury, yule mzaliwa wa Unguja. Tena alirudi darasani akamaliza udaktari wa falsafa wa mambo ya anga mwaka 2007, na miaka 60 kichwani.

Dada Mafinga: Huyo nampokea 😂 Wangu kaamka na mwiko anagonga sufuria, na baridi hii ya Mafinga.

Babu Kihesa: Marahaba kwa walionisalimu. Wasionisalimu nawaona. Hiyo orodha kaandika nani?

Kaka Dar: Shikamoo Babu. Nimeifowadi tu.

Babu Kihesa: Roma iliungua, poleni zao. Mkwawa wetu, mtawala wa Wahehe, yuko wapi?

Kaka Dar: 🙈

Babu Kihesa: Julai 19, 1898, Mlambalasi, hapo hapo kwetu. Ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na tangu hapo anawazungusha Wajerumani porini. Wakatangaza rupia 5,000 kwa atakayemleta. Sajenti wao Merkl anafika, anakuta mtu kajipiga risasi mwenyewe. Wakakata kichwa wakaenda nacho. Wewe mtengeneza bastola umemkumbuka, mwenye siku yake umemruka.

Baba Mdogo Uyole: Babu leo kaamka na mkuki.

Binti Chuo: Na hicho kichwa kiliingizwa kwenye Mkataba wa Versailles, 1919, kifungu cha 246. Ujerumani ilipewa miezi sita iwakabidhi Waingereza. Kifungu hicho hicho kinadai Kurani ya Khalifa Othman irudishwe Hijazi. Vita Kuu nzima imekwisha, na wakubwa wa dunia wamekaa mezani wanaandika jina la mtu wa Iringa.

Baba Mdogo Uyole: Miezi sita ikawa mingapi?

Binti Chuo: Miaka 35, Baba Mdogo. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, ndiye aliyekwenda kulitafuta fuvu kwenye makumbusho ya Bremen, likarudi 1954. Alikabidhiwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Kaka Dar: Babu usinipige. Bremen yalikuwepo mafuvu chungu nzima. Walijuaje kuwa ni lile?

Babu Kihesa: Walipima, wakalinganisha na vichwa vya ndugu zake. Wapo wanaobisha hadi leo, waache wabishe. Nenda makumbusho ya Kalenga, simama mbele ya kile kisanduku cha kioo, halafu uje unibishie mimi.

Dada Mafinga: Jamani, mbona mnanitisha? Mtoto akate keki siku ya msiba?

Babu Kihesa: Matanga ya 1898 yalishaanuliwa, mama. Kata keki.

Baba Mdogo Uyole: Mimi hiyo Moscow ndiyo naijua. Marekani walisusia kwa sababu Warusi wameingia Afghanistan. Rais wao Carter akamtuma Muhammad Ali mpaka Dar aje atushawishi na sisi tusiende. Ali, aliyekuwa bingwa wa ndondi wa dunia! Mwalimu akakataa hata kuonana naye. Tukaenda. Bayi fedha mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Nyambui fedha mita 5,000. Mpaka leo hatujapata medali nyingine ya Olimpiki.

Kaka Dar: Hiyo ya Ali sikuijua kabisa.

Baba Mdogo Uyole: Utaijuaje na wewe unafowadi tu.

Binti Chuo: Nyingine haimo kwenye orodha. Siku ile ile aliyozaliwa Brian May, Julai 19, 1947, huko Burma, Myanmar ya leo, waliingia watu na bunduki kikaoni wakamuua Aung San, kiongozi wa kupigania uhuru, na mawaziri wake. Kwao leo ni Siku ya Mashujaa.

Dada Mafinga: Bunduki tena! Mwenzenu nina mkaa juu ya mfuniko wa sufuria, nikichelewa kuupunguza keki inaungua kama Roma.

Babu Kihesa: Jumapili mleteni kitukuu changu Iringa, twende naye Kalenga. Watoto wote wa ukoo waje. Nauli na kiingilio atatoa aliyeleta orodha.

Baba Mdogo Uyole: Naunga mkono hoja ✋

Binti Chuo: ✋

Dada Mafinga: ✋ Watoto ni tisa, kaka. Wa kwa jirani nimewaacha.

Baba Mdogo Uyole: Kaka Dar, tiki za buluu tunaziona.