MREJESHO: VPN ya kufungua mafaili ya ofisi nikiwa Kigoma

Wakuu salaam. Niliuliza nifanyeje kufungua mafaili yaliyoko kwenye seva ya ofisi Dar wakati mimi niko Kigoma natumia waifai ya gesti, ambayo kila mgeni ana paswedi yake.

Asanteni sana, hasa uliyesema achana na app za bure muombe fundi wa ofisini akupe VPN yao, yaani njia ya siri inayounganisha kifaa chako na mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Ndo nilichofanya, akanitumia faili la mipangilio ya WireGuard (aina mojawapo ya VPN) nikaliingiza kwenye laptop na simu, kwa bando la simu ikakubali palepale, ila kwenye waifai ya gesti ikagoma kabisa, nadhani wamefunga UDP, njia ya kutuma data ambayo WireGuard inaitegemea. Nikafata ushauri wa dada wa Ujiji, OpenVPN (aina nyingine ya VPN) kwa TCP, njia nyingine ya kutuma data, poti 443, poti ileile ya tovuti za https, ikapita. Iko slo lakini kazi inaenda.

Usajili wa VPN aliouliza mtu, ule TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) waliotangaza Oktoba 2023, fundi anasema ofisi walishamaliza.

App ya benki bado kero, VPN ikiwa on inanitoa nje. Kwenye simu nimeiweka isipite kwenye VPN, kwenye laptop nazima nawasha tu. Na mliosema bando litapungua kuliwa, hapana aisee, linaliwa zaidi kidogo maana kila pakiti inaongezewa mzigo wa usimbaji (kuficha data).

Halafu mwenye gesti haoni ninachofungua sawa, ila ofisi wanaweza kuona natembelea wapi, kwa hiyo mpira naangalia VPN ikiwa off 😂