Hamoni imefifia kwenye kisu cha honyaki: siki, uchiko au tope la jiwe?

Kaanga_Taratibu (Dar)
Wakuu, heshima kwenu. Nina kisu cha honyaki, yaani cha chuma kimoja tupu bila kuunganishwa na kingine, kilichofuliwa Sakai, Japani, nimeachiwa na mpishi mkuu wangu alipostaafu. Hamoni yake, ule mstari unaoonekana kwenye bapa juu ya makali, ilikuwa kama wimbi linalopanda ufukweni. Ukikiinamisha chini ya taa unaliona linatembea. Juzi kijana wa vyombo kakisugua kwa stilwaya. Makali mazima, ila wimbi limebaki ukungu. Naambiwa tiba tatu: siki ya moto, unga wa uchiko, au tope la jiwe la kunolea. Nani kajaribu? Na nikipake mafuta gani? Jikoni kwetu upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye sufuria.

Mhunzi_wa_Mtaa
Pole mkuu. Hamoni haijaenda popote, si mchoro wa juu ule. Mfuaji alipaka udongo, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali, akakipasha moto, akakizamisha majini. Makali yakapoa ghafla yakawa magumu, mgongo ukachelewa ukabaki laini. Wimbi ndiyo mpaka wake. Stilwaya imechana uso tu.

Siki nimeitumia sana kwenye visu vyangu. Mstari unatokea upesi, lakini unatoka bapa, kama umechorwa kwa kalamu. Vile vichembe vinavyometameta ndani ya wimbi vinapotea. Na ukizembea kuosha, asubuhi unapokewa na kutu.

Nahodha_Mstaafu
Uchiko ni kifuko cha hariri chenye unga wa jiwe, kazi yake kufyonza mafuta ya zamani kwenye panga za kisamurai. Hautarudisha kitu hapo. Hata wenye panga wengi siku hizi wameuacha kwa kuogopa michubuko, wanatumia spiriti na kitambaa laini.

Kaanga_Taratibu (Dar)
Kwa hiyo tope?

Mhunzi_wa_Mtaa
Tope. Anza na msasa wa maji: 800, 1000, 1500, 2000, ukiuzungushia kizibo cha chupa. Usipande namba mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia iishe, hapo ndipo wengi tunapoharibu kwa haraka. Kisha sugua jiwe laini na maji, chovya pamba kwenye lile tope, pitisha toka mpinini kwenda nchani, mkono mwepesi. Chuma laini na chuma kigumu havichubuki sawa, wimbi litajitokeza lenyewe.

Mashine ya kunolea usiiguse. Makali yakigeuka bluu kwa joto, ugumu umeondoka.

Bi_Karafuu (Unguja)
Kuhusu mafuta: Wajapani hupaka ya choji, na choji ni karafuu yetu hii! Ila yale ni mafuta ya madini yenye karafuu kidogo tu. Usipake ya karafuu matupu, mwanangu. Mimi nilipaka, vanishi ya mpini ikalainika, kitambaa kikanasa.

Pwani_Moja (Mombasa)
Mimi ni mafuta ya cherehani tu, miaka yote.

Nahodha_Mstaafu
Kwa panga la ukutani sawa. Kisu cha chakula, nenda duka la dawa uombe parafini ya maji, ile wanayopewa wenye choo kigumu. Mafuta ya alizeti yanageuka gundi.

Pwani_Moja (Mombasa)
Parafini si mafuta ya taa hayo? 😂

Nahodha_Mstaafu
Ndiyo maana nimesema duka la dawa, sikusema sheli.

Dogo_Springi
Samahani kuingilia. Panga la springi ya gari linaweza kutoa hamoni?

Mhunzi_wa_Mtaa
Kwa shida sana. Springi nyingi zina kromiamu, chuma kinakuwa kigumu hadi ndani, ule mpaka wa wimbi haujitokezi.

Kaanga_Taratibu (Dar)
Mrejesho: msasa usiku mbili, tope usiku wa tatu. Wimbi limerudi, isipokuwa karibu na mpini, mkwaruzo mmoja umegoma nami nimeuacha. Nakifuta kikavu kila nikikata ndimu, nalala nimekipaka parafini ya duka la dawa. Kijana wa vyombo nilimwita chini ya taa nikakiinamisha polepole. Akaniuliza, "Bosi, kumbe hiyo haikuwa uchafu?"