Mbuddha na sataranji: mlei acheze, ila tuache kuiita tafakuri

Kete Pembeni (mleta mada)

Wakuu, kila panapozungumzwa sataranji (chess) na Ubuddha, hakosi mtu wa kusema mchezo huu ni tafakuri: unakaa kimya, akili inatulia sehemu moja, kwa hiyo Buddha mwenyewe angeubariki. Kwamba mlei, yaani muumini asiye mtawa, anaweza kucheza, sina shida. Hiyo ya tafakuri ndiyo siimezi.

Maandiko kwanza. Katika Brahmajala Sutta, hotuba inayofungua Digha Nikaya, mkusanyo wa hotuba ndefu za Buddha, imo orodha ya michezo ambayo watawa wengine waliendelea nayo huku wakila chakula cha waumini, na ambayo Buddha aliiacha. Wa kwanza kutajwa ni mchezo wa ubao wenye safu nane au kumi. Umo hata ule wa kucheza bila ubao, ramani yote ukiwa nayo kichwani. Kuna dado, mipira, vigari vya kuchezea, mpaka kubahatisha mtu anawaza nini. Sataranji yenyewe haimo kwa sababu ilikuwa bado: inaanza kuonekana India karibu na karne ya 6 BK, karibu miaka elfu moja baada ya Buddha. Ila kujificha nyuma ya tarehe ni ujanja tu. Orodha inalenga michezo inayomzembesha mtawa, na mtawa hana muda wa kuchezea, maana anaishi kwa sadaka za watu. Kwake hakuna cha kujadili.

Mlei ana kanuni 5: asiue, asiibe, asizini, aseme kweli, aache vileo. Mchezo haumo. (Wanaosema "kula" kete ni kuua, acheni utani. Ufafanuzi wa kale unataka pawepo kiumbe hai kwanza.) Buddha alipomshauri kijana Sigala kuhusu maisha ya nyumbani, alichokemea ni kamari, akataja hasara zake 6, ya kwanza ikiwa kwamba mshindi hujizolea chuki. Ukicheza kwa dau, umeingia humo.

Sasa hiyo tafakuri. Mwenzako ameshika malkia wake, anampeleka pale ambapo farasi wako atamla. Bado hajamwachia. Wewe umeganda, macho umeyapeleka upande mwingine wa ubao asije akashtuka, na moyoni unaomba aachie. Umakini upo, tena mkali. Ila umesimama juu ya kutamani mwenzako akosee, na sekunde inayofuata ni ama raha ya kumwona anaumia ama hasira kwamba kashtuka. Mwizi anayefungua kufuli usiku naye ana umakini wa namna hiyo. Njia ya sehemu nane, mwenendo aliofundisha Buddha, inataka umakini sahihi, na huo huanzia pale mtu anapojitenga na tamaa na nia mbaya. Dhammapada, kitabu cha beti za mafundisho ya Buddha, katika beti ya 201 inasema ushindi huzaa chuki, aliyeshindwa hulala na maumivu, na mwenye amani ni yule aliyeacha vyote viwili. Niambieni ni sataranji gani inachezwa hivyo.

Ngome ya Kushoto

Mkuu, unasoma vitabu bila kuangalia watu. Thailand wana makruk, Myanmar wana sittuyin, Mongolia wana shatar. Zote ni ndugu wa sataranji, zimelelewa na jamii za Wabuddha kwa vizazi. Japani, Honinbo Sansa, aliyeanzisha ukoo mkubwa kuliko yote wa go (mchezo wa ubao wa vijiwe vyeusi na vyeupe), alikuwa mtawa wa hekalu la Jakkoji, Kyoto. Wote hao hawakuielewa dini yao?

Kete Pembeni

Thailand wana pia bahati nasibu ya serikali, nayo haijawa mafundisho ya Buddha kwa sababu hiyo. Na Sansa umemleta vizuri, nakushukuru: uongozi wa hekalu alimwachia mtu mwingine, yeye akashika go. Vyote viwili havikubebeka.

Mlango wa Kati

Mmebaki upande wa Theravada tu, tawi la Ubuddha la kina Thailand na Myanmar. Kwa Wamahayana, tawi jingine, wa Asia Mashariki kuna maandiko mengine yenye jina linalofanana, Sutra ya Wavu wa Brahma, yenye viapo vya bodhisattva (anayetafuta kuamka kiroho kwa ajili ya viumbe wote): 10 vikubwa na 48 vidogo. Cha 33 katika vile vidogo kinakataza michezo ya ubao na dado, na viapo hivyo walei nao hula. Kwa hiyo "mlei acheze" inategemea mlei gani na kaapa nini.

Kete Pembeni

Sahihi, na aliyekula kiapo hicho akitimize. Mada yangu ni mlei wa kanuni 5.

Askari Mmoja

Mimi nacheza na natafakari, na sioni ugomvi. Kushindwa kumenifundisha kutodumu kwa mambo kuliko mahubiri mengi. Dakika moja uko juu, unajiona fundi, dakika inayofuata mfalme wako hana pa kukimbilia. Ukiitazama ile aibu inavyopanda kifuani na kushuka yenyewe, hapo umejifunza Dhamma, yaani mafundisho ya Buddha, au hukujifunza?

Kete Pembeni

Umejifunza, ndugu yangu, ila aliyekufundisha ni ule utazamaji. Ungeitazama aibu hiyohiyo ukiwa kwenye foleni au ukigombana na shemeji, ungepata somo lilelile. Kuna kipimo rahisi. Michezo ya dakika tatu ya kwenye simu, ukishindwa kidole kinafika kwenye kitufe cha mchezo mpya kabla hujashusha pumzi. Nani alikituma?

Askari Mmoja

Hapo umenigusa. Ila unahukumu simu, huhukumu sataranji. Tukicheza ubao wa mbao na rafiki, bila saa, tukirudishiana kete mtu akikosea, ile nia mbaya yako ya malkia inatoka wapi?

Kete Pembeni

Mkirudishiana kete, nia mbaya imekosa pa kukaa, nakupa hiyo. Lakini ni wangapi humu wanacheza hivyo?

Ngome ya Kushoto

Mimi hapana. Ukigusa umecheza.