Plastidi za wizi: je, ni hatua ya kuelekea plastidi ya kudumu?

Swali kutoka kwa Mwanaseli

Ndugu zangu, nakamilisha shahada ya uzamivu katika biolojia ya seli, na sasa naandaa pendekezo la utafiti wa baada ya uzamivu kuhusu viumbehai wa seli moja ambao hula mwani, humeng'enya karibu kila kilichomo, lakini huziacha plastidi (vyombo vya ndani ya seli vinavyotumia mwanga kutengeneza chakula) zikiwa nzima na kuendelea kuzitumia kwa usanisinuru.

Maelezo yaliyozoeleka vitabuni ni kwamba, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, seli moja ilimmeza sianobakteria, yaani bakteria anayefanya usanisinuru, pasipo kumyeyusha, kisha jeni nyingi za mgeni huyo zikahamia hatua kwa hatua katika kiini cha mwenyeji, na mwishowe mwenyeji akapata njia ya kuzirudisha protini ndani ya plastidi. Kwa mpangilio huo mgeni hutulia kwanza, jeni zikafuata. Je, wezi wa leo wanauthibitisha mpangilio huo, au wanaupinga? Na je, ni haki kuwachukulia kuwa wako njiani kuelekea plastidi ya kudumu?

Viumbe ninaowafikiria ni siliata (kiumbe wa seli moja mwenye vinyweleo vya kuogelea) *Mesodinium rubrum*, dinoflajelata (kiumbe wa seli moja mwenye mikia miwili ya kuogelea) *Dinophysis acuminata*, na yule dinoflajelata wa Bahari ya Ross, Antaktika. Msimamizi mtarajiwa ameniuliza swali moja ambalo bado sijalipatia jibu la kuniridhisha: nitajuaje kwamba jeni nitakayoiona ni ya mwizi, wala si ya mwani alioula?

Jibu la kwanza, kutoka kwa Majimaji

Karibu sana katika uwanja huu. Kabla ya mpangilio wa matukio, ningekuomba uliweke wazi tatizo linalomkabili mwizi, kwa sababu mapendekezo mengi hulipita haraka.

Plastidi za mwani na mimea kwa kawaida hubeba jeni kati ya 100 na 200 hivi, ilhali protini zinazofanya kazi ndani yake ni nyingi mno kuliko idadi hiyo, na sehemu kubwa hutengenezwa kwa maagizo ya kiini. Anayechukua plastidi na kukiacha kiini cha mwani amejipatia mashine isiyo na fundi wala vipuri. Tena mwanga unaoiendesha mashine hiyo ndio unaoiharibu. Protini iitwayo D1, iliyo katika fotosistemu ya pili (moja ya mitambo ya plastidi inayonasa mwanga), huharibiwa na mwanga mfululizo, na kila inapoharibika sharti iondolewe ili mpya ichukue nafasi yake. Jeni ya D1 imo ndani ya plastidi yenyewe, kwa hiyo kutengeneza mpya kunawezekana hata baada ya wizi. Kazi ya kuiondoa ile iliyoharibika hufanywa na kimeng'enya FtsH. Katika mimea ya nchi kavu jeni za FtsH zimo katika kiini, lakini katika *Vaucheria litorea*, mwani unaofyonzwa na koa wa baharini *Elysia chlorotica*, jeni hiyo imebaki ndani ya plastidi. Ndiyo maana wengi wetu tunaamini kwamba uimara wa plastidi ndani ya koa huyo, unaodumu miezi kadhaa, unatokana kwa kiasi kikubwa na plastidi zenyewe. Kwa hiyo usipime umri wa plastidi peke yake ukadhani umepima jinsi mwenyeji alivyobadilika.

Sasa kuhusu mpangilio. Katika viumbe uliowataja, ningemchagua yule wa Bahari ya Ross bila kusita. Yeye huiba plastidi kutoka kwa *Phaeocystis antarctica*, na amewahi kuonekana akizihifadhi kwa zaidi ya miaka 2 maabara, lakini hana budi kuziiba upya. Thamani yake kubwa iko katika ukoo: ni jamaa wa karibu wa *Karenia* na *Karlodinium*, ambao wana plastidi za kudumu zilizotokana na mwani wa kundi hilohilo la haptofita, ingawa si wa aina ileile. Uchambuzi wa nakala zake za RNA (nakala zinazotolewa kutoka katika jeni zinazotumika) uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha mambo mawili yanayogusa swali lako moja kwa moja. Kwanza, bado ameitunza plastidi ya kale ya mababu zake, na amegawanya kazi kati ya hiyo na zile za wizi. Pili, kiini chake kina jeni za protini zinazopelekwa katika plastidi za wizi, na jeni hizo hazikutoka katika ukoo wa mwani anaouibia. Nyingi kati ya hizo zinapatikana pia kwa jamaa zake wenye plastidi za kudumu. Maana yake ni kwamba katika ukoo huu maandalizi ya kijeni yalitangulia, na plastidi ikaja kutulia baadaye. Kwangu mimi, huu ni ushahidi mzito kuliko wowote tulio nao dhidi ya mpangilio wa vitabuni, japokuwa unahusu ukoo mmoja, nao ni ukoo wa viumbe ambao tayari walikuwa na plastidi ya zamani na vifaa vya kupeleka protini ndani yake.

Jibu la pili, kutoka kwa Nakala

Nami nijibu lile la msimamizi wako, kwa kuwa hapo ndipo tafiti nyingi za aina hii hukwama.

Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba jeni *psbO*, ya protini ya usanisinuru, ya mwani *Vaucheria* imeonekana katika DNA ya *Elysia chlorotica*. Habari hiyo ilienea na kuingia hata katika mihadhara ya mwaka wa kwanza. Mwaka 2013 watafiti walichunguza DNA ya mayai ya koa huyo, ambayo hayana plastidi wala mabaki ya chakula, wakakosa ushahidi wa uhamisho huo wa jeni. Ninakukumbusha hayo kwa sababu kiumbe wa seli moja hana mayai ya kukuokoa: mwizi na alichokula wamo katika tone moja, na RNA zao huchanganyika mara tu unapoipasua seli.

Bahati nzuri, ukifanya kazi na dinoflajelata una alama ya asili. Seli zao hubandika kipande kilekile cha nyukleotidi (herufi za RNA) 22 katika ncha ya mwanzo ya nakala za RNA zinazotoka katika kiini. Kriptofita na haptofita, makundi ya mwani ambayo wezi hawa huyaibia, hawana kipande hicho. Ukikikuta mwanzoni mwa nakala ya protini ya plastidi, basi umeipata jeni ya mwizi. Angalia, hata hivyo, kwamba usomaji wa RNA mara nyingi huikata ncha hiyo, kwa hiyo kukosekana kwa kipande si hoja ya kuitupa jeni. Ongeza ushahidi mwingine: mti wa ukoo wa jeni yenyewe, na kuwepo kwa kipande cha protini kinachoielekeza kwenye plastidi. Tena waache wezi wako na njaa kwanza, hadi hadubini ikuonyeshe kwamba mapovu ya chakula yamekwisha ndani ya seli. Kwa uangalifu wa namna hii, uchunguzi wa *Dinophysis acuminata* wa mwaka 2010 ulitambua protini 5 tu za plastidi ambazo jeni zake zimo katika kiini cha mwenyeji. Idadi hiyo ni ndogo, lakini naiamini kuliko orodha ndefu zisizochujwa.

Jibu la tatu, kutoka kwa Tabaka la Juu

Nakubaliana na wenzangu kuhusu mbinu, ila neno "njiani" lililo katika swali linanitia wasiwasi, na ningependa lisiingie katika pendekezo lako bila kupingwa.

Mtazame *Mesodinium rubrum*. Yeye haibi plastidi tu, huiba na kiini cha kriptofita, na utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kiini hicho huendelea kutoa nakala za jeni kwa muda wa hadi siku 30. Plastidi zinapata maagizo ya kiini chao cha asili, na hata kuongezeka zinaongezeka. Mwenyeji wa namna hiyo ana sababu gani ya kuzihamishia jeni hizo katika kiini chake? Anaiba, anatumia, anaiba tena, na kwa mtindo huo husitawi kiasi cha kuyapaka maji ya bahari rangi nyekundu. *Hatena arenicola*, aliyetangazwa mwaka 2005, naye ana mtindo wake: anapogawanyika, seli moja huondoka na mgeni wa kijani, na dada yake huzaliwa bila rangi, akawa na kifaa cha kulia hadi atakapojipatia mgeni mwingine. Sioni ni kwa kipimo gani tungesema hawa hawajafika. Huenda wamefika kitambo.

Kwa upande mwingine yuko *Rapaza viridis*, wa ukoo wa Euglena, anayeiba plastidi za *Tetraselmis*. Tafiti za mwaka 2023 zilionyesha kwamba kiini chake kina jeni za kuzihudumia plastidi hizo, zilizokusanywa kutoka kwa mwani wa aina mbalimbali. Kwa hiyo jeni zinaweza kutangulia, kama Majimaji alivyosema, na bado mwenyeji akabaki mwizi. Swali ambalo ningelifurahia kulisoma ni hili: ni kazi zipi hasa za plastidi ambazo mwenyeji amezichukua, na ni zipi anazoziacha zimalizike pamoja na plastidi?

Mwanaseli anarudi

Nawashukuru sana. Nimeamua kuliacha neno "njiani" na kulifuata swali la mgawanyo wa kazi. Jambo moja bado linanizuia kumchagua dinoflajelata wa Bahari ya Ross moja kwa moja: anahitaji baridi kali wakati wote, na chumba cha namna hiyo sina hakika nitakipata. *Dinophysis* angefaa badala yake?

Majimaji

Angefaa, ila andaa minyororo ya chupa kabla ya kuandaa majaribio. Tangu ufugaji wake ulipofanikiwa mwaka 2006, tunajua kwamba *Dinophysis* hulishwa *Mesodinium*, naye *Mesodinium* hulishwa kriptofita kama *Teleaulax*. Kwa hiyo plastidi unayoichunguza imeibwa mara mbili, na kiini cha kriptofita hakimfikii mwizi wa pili. Hilo ni faida kwa swali lako jipya: plastidi za aina moja, katika mwenyeji mmoja zikiwa na kiini chao, katika mwingine bila hicho. Wape wote wawili mwanga mdogo, kisha mkali, na ulinganishe uharibifu na ukarabati wa D1 sambamba na nakala za RNA. Chupa za *Mesodinium* ziwe nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, kwa sababu huyo ndiye anayekufa kwanza, na akifa yeye utafiti wote unasimama.