Stika za siasa mitaani: kauli ya raia au mkono wa chama?

Mkaazi wa Vikokotoni
Assalaamu alaykum. Nakusanya stika za siasa, na lipo jambo linanitatiza. Wanachama wa IWW, chama cha wafanyakazi nchini Marekani, walikuwa wakibandika vikaratasi vya gundi makazini tangu miaka ya 1910, wakiviita wachochezi wakimya. Na lile jua lenye tabasamu linalokataa umeme wa nyuklia lilibuniwa Denmark mwaka 1975 na kijana Anne Lund. Hapa Unguja, ambako siasa hailali, stika ninazoziona kwenye vioo vya daladala ni za wagombea, zimechapwa kwa gharama. Je, tunaweza kuziita sauti ya watu wa chini?

Fundi Chokaa
Waalaykumus salaam. Sababu moja ya kutoziona stika kwenye kuta zetu ni ukuta wenyewe. Kuta za Mji Mkongwe zimepigwa chokaa, na chokaa hutoa unga. Gundi hushika ule unga, si ukuta, na mvua ya masika ikipiga karatasi yote huporomoka. Ndiyo maana utazikuta kwenye mageti ya chuma, masanduku ya mita na nguzo za umeme. Anayezibandua kwa kisu kwenye plasta ya zamani hubandua na plasta, jambo ambalo mimi huniudhi kuliko siasa yenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Wete
Ndugu yangu, unaitafuta kauli ya raia katika karatasi, ilhali sisi tuliizoea kwenye ubao. Maskani ya Kisonge pale Michenzani, kijiwe cha siasa cha wana CCM, imejulikana kwa ubao wake wa chaki, ambao maneno yake yaliwachoma wengi, na upinzani nao una barza yake ya kahawa Jaws Corner. Chaki haihitaji mchapaji wala fedha za chama, na kilichoandikwa asubuhi chaweza kujibiwa jioni. Tena mwezi Machi 2019, kiongozi wa upinzani Maalim Seif alipokihama chama cha CUF na kujiunga na ACT-Wazalendo, wafuasi walishika brashi wakazipaka ofisi za CUF rangi mpya. Kauli ya chini ndiyo hiyo.

Mkaazi wa Vikokotoni
Nakubali kuhusu chaki, Mwalimu, lakini ubao una wenyewe, na anayeandika analindwa na wenzake. Stika humfaa yule asiye na maskani. Shida ni kwamba katika mitaa yetu, ambamo hata mlio wa vespa ya jirani unatambulikana, mbandikaji wa siri hafichiki.

Mwalimu Mstaafu, Wete
Hapo umesema kweli. Basi usitazame aliyeichapa tu, bali aliyeiweka na aliyeiacha ikae. Ipige picha pamoja na mlango wake na uandike tarehe kabla ya kuibandua, kwa sababu stika ile ile kwenye geti la mwenye nyumba aliyeridhia, na kwenye sanduku la mita la jirani asiyeulizwa, hazisemi jambo moja.